Mfinyanzi Aliyengoja Upepo wa Mchana

Kila asubuhi ya kipupwe, kabla hajasalimiana na mtu, jirani yangu mfinyanzi alitoka nje, akajaza tumbaku katika kiko chake, akakiwasha, akavuta mara moja tu, kisha akakishika mbele ya uso wake na kuutazama moshi. Ukipanda, alirudi ndani kuendelea na shughuli zake. Ukilala na kutambaa, alitema mate, akasema, "Leo tena," akaenda kumwamsha binti yake. Mimi nilikuwa bi harusi mgeni, nimeletwa Morogoro na mume wangu aliyekuwa akipanga kuni za gari la moshi pale stesheni, na kwa kweli nilimcheka sana. Nilikuwa sijapata kumwona mtu anayelalamikia moshi huku kiko ki mdomoni.

Siku moja nilipozoea kidogo nikamwambia hivyo. Hakukasirika.

"Moshi wangu naujua unakokwenda, bi harusi," alisema. "Huo wenu ndio sijui aliyeualika."

Aliniita bi harusi siku hiyo, na akaendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa na watoto watatu. Mimi nilimwita bibi, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Wengine wote mtaani walimwita mfinyanzi, na nadhani wengi hawakulijua jina lake. Mimi nililijua, lakini nimezoea kutolitaja, na sitalitaja leo.

Ni yeye aliyenifundisha mji ule unavyopumua. Alinionyesha kwa kidole, tumekaa mbele ya nyumba yake tukichambua mboga. Mlima Uluguru uko kusini, umesimama juu yetu. Usiku baridi inashuka kutoka huko kwa kufuata mto, inafika mjini, inakaa. Miezi ya kipupwe inakaa mpaka jua limepanda sana, na chochote kilichowashwa huku chini asubuhi hiyo hakipati pa kwenda. Kinakaa nasi, tunakivuta. Halafu karibu na adhuhuri mawe ya mlima yakishapata moto, upepo unageuka. Unatoka bondeni, unapanda, na moshi wote wa asubuhi unaondoka nao. Masika ikija, mvua inaosha kila kitu. Yeye alisema masika ndiye mfanyakazi pekee mjini asiyepokea amri ya boma la Mjerumani, na ndiye pekee anayefagia vizuri.

Alisema zamani mambo hayakuwa hivyo, na hilo namwamini. Kabla reli haijafika palikuwa na mioto michache ya watu waliokuwa wakiishi hapo. Wakati wa Mjerumani mji ukawa wa watu wa kushinda mchana tu. Kabla ya jua kuchomoza walishuka kutoka vijiji vya juu, msururu mrefu wa wanaume, wengine kwenda stesheni, wengine kwenda mashamba ya mkonge kule uwandani, na jioni wakapanda tena kulala kwao. Kwa ajili ya baridi kila mmoja alishuka na kijinga cha moto mkononi. Wakifika kwenye kivuko cha mto walivitupa vijinga hivyo mahali pamoja, na lundo lile lilifuka asubuhi nzima. Pembeni mwa njia wanawake waliwapikia uji, kila mmoja na mafiga yake. Kule stesheni kichwa cha gari la moshi nacho kilikuwa kimeshawashwa, kikila kuni za mume wangu. Mhindi mmoja muuza nguo alikuwa akipangusa majora ya merikani yake mara tatu kabla ya adhuhuri, na bado yalionekana yamelala jikoni.

Mfinyanzi alimtuma mume wangu zaidi ya mara moja. "Kamwambie huyo bwana wa stesheni, gari lake aliwashe upepo ukishageuka. Litafika tu."

Mume wangu aliitikia, "Nitamwambia, mama," na hakumwambia kitu, maana alizipenda siku zake za kuishi.

Kilichokuwa kikimsumbua si majora ya mtu. Ni kifua cha Mwanahawa, binti yake wa pekee, msichana wa kama miaka kumi na miwili wakati nilipowafahamu, mwembamba, mcheshi, mwenye kuniiga nilivyokuwa natembea na tumbo langu la kwanza. Mwanahawa alikuwa na pumu. Masika alikimbia kama watoto wengine. Kipupwe, asubuhi moshi ulipolala, kifua kilimbana, mabega yakapanda hadi masikioni, na sauti ya pumzi zake niliisikia kutoka kwangu. Baba yake alikwisha kufa. Mfinyanzi alikuwa na huyo tu.

Kwa hiyo asubuhi kiko kilipompa jibu baya, alimvika mtoto kaniki mbili, akamshika mkono, wakapanda mlima. Palikuwa na kibanda cha shamba juu, mahali moshi ulipoishia. Nasema ulipoishia kwa sababu ulikuwa na mwisho unaoonekana kwa macho, unatembea ndani yake, halafu hatua chache mbele unauacha chini. Watu wote walikuwa wakishuka na vijinga vyao, wao wawili wakipanda, na kila siku alikuwapo mtu wa kuwatania.

"Mama, mji uko huku."

"Uko huko kwenu," alijibu bila kusimama.

Nilifuatana nao mara moja, kabla tumbo halijawa zito. Tulikaa kwenye mlango wa kibanda tukatazama chini, na mji haukuwapo. Palikuwa na kitu cheupe kimetandazwa bondeni, na ncha ya mnazi mmoja tu imetokeza. Mwanahawa akaniuliza nyumba yangu iko wapi. Nilitafuta nikashindwa, akacheka mpaka akaegemea bega la mama yake. Alikuwa anapumua vizuri kabisa. Namkumbuka hivyo kwa makusudi.

Watu walimwona mfinyanzi mkali, na alikuwa mkali. Mtungi wenye ufa mdogo ambao mimi nisingeuona hata kwa kuonyeshwa, aliuvunja mbele yako huku ukiuombea. "Utamwagia mtu maji usiku, halafu utanitaja," alisema. Alibishana na jumbe wa mtaa hadharani, wakati wanaume walipokuwa wakitazama vidole vya miguu. Lakini akiona kinyonga alikimbia, anaacha udongo, anaacha maji, anaacha na mgeni. Mwanahawa alikuwa akimwita kwa sauti ya kutetemeka, "Mama, kinyonga," na hakuna kitu, ni jani tu. Mama alimfukuza kwa gunzi lake la kulainishia vyungu, na wote wawili wakarudi wakihema kwa kicheko, mama akimwangalia sana mtoto kama kicheko kimemletea tabu ya kifua.

Kazi yenyewe aliifanya taratibu. Udongo alichimba ukingoni mwa mto, akaukanda, akaupandisha mtungi kwa mikono akizunguka yeye, maana mtungi ulikaa palepale. Alikwangua kwa kipande cha kibuyu, akalainisha kwa gunzi, akang'arisha kwa kokoto ya mto aliyorithi kwa mama yake. Kuchoma alichoma mchana tu, upepo ukishapanda, hata kama watu wamemsubiri tangu alfajiri. Wafinyanzi wengine walichoma asubuhi na mapema kwa sababu hewa imetulia na moto hauyumbi, na walisema yeye anajipa taabu ya bure. Aliwaacha waseme.

Na palikuwa na mwiko. Mwiko ule haukuwa wake peke yake. Wanawake wa ukoo wao wote waliokuwa wakifinyanga waliushika. Kabla ya kuwasha, mfinyanzi humwaga majivu kuzunguka mahali pa kuchomea. Yeye peke yake hubaki ndani. Mtu mwingine havuki majivu yale, na aliye ndani hasemi wala haitikii, hata aitwe na nani, mpaka moto umeshuka, agonge mtungi wa kwanza kwa kijiti na mtungi ulie. Akiitikia kabla, vyungu vyote vinapasuka. Nilikuwa naingojea sauti ile ya kijiti kwa hamu. Ikishasikika, mfinyanzi alirudi kuwa mtu wa kawaida, akaomba maji na kuuliza habari za mtaa.

Basi jioni moja ya kipupwe jumbe alikuja. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtaa wetu mbele ya boma. Alisema mitungi ya maji ya wafanyakazi wa stesheni inatakiwa kesho kabla ya adhuhuri, kwa sababu kuna mkubwa anakuja kukagua.

"Mitungi ipo," mfinyanzi alisema. "Lakini ni mibichi."

"Basi ichome."

"Nitaichoma kesho upepo ukigeuka."

"Mama," jumbe alisema, na sauti yake haikuwa ya ubishi, "boma haliujui upepo. Linanijua mimi."

Wote tulijua mgongo wa jumbe ulivyo. Alikuwa amechapwa viboko kabla ya hapo, kwa sababu ya watu waliochelewa kazini, na kwa wiki nzima alikuwa akilala kifudifudi. Mfinyanzi alimtazama kwa muda. Nilidhani atamfukuza. Akasema, "Nenda ukalale. Utaikuta tayari." Nimefikiri sana juu ya hilo. Watu husema alilazimishwa na boma, na ni kweli, lakini nilikuwapo na niliuona uso wake. Alimwonea mtu huruma.

Asubuhi alikiwasha kiko. Moshi ulitoka, ukainama, ukatambaa chini hadi miguuni pake. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamleta Mwanahawa kwangu, amemvika kaniki zake mbili.

"Kaa naye, bi harusi. Moto wangu wa leo ni nyasi nyingi na kuni chache, hautachukua muda. Nikimaliza nitampandisha mwenyewe."

"Nimpandishe mimi, bibi?"

Alilitazama tumbo langu, lilikuwa limebakiza wiki chache. "Ukichoka njiani utambeba yeye, au yeye akubebe wewe? Kaa ndani."

Nililoweka kaniki nikaziba mlango. Mwanzoni Mwanahawa alikuwa akiongea, akaniuliza mtoto akizaliwa ataitwa nani. Lakini moshi wa moto ule ulikuwa karibu, nao haukupanda; ulijumuika na ule wa lundo la vijinga, na wa mafiga, na wa stesheni, ukaingia kwa juu, kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, mahali nisipoweza kuziba. Mtoto akanyamaza. Akakaa ameinama mbele, viganja vyote viwili chini, na mabega yakaanza kupanda. Nilimpa maji akashindwa kuyameza. Midomo ikabadilika rangi.

"Niitie mama," alisema.

Nilikwenda. Si mbali, ni nyuma ya nyumba yao tu. Mfinyanzi alikuwa ndani ya majivu na kijiti kirefu mkononi, amenipa mgongo, anasukuma nyasi zilizoanguka. Moto ulikuwa ukivuma.

"Bibi," niliita. "Bibi, Mwanahawa kifua." Hakugeuka. Nikaita mara ya tatu, "Bibi, njoo."

Alihamia upande wa pili wa moto, moshi ukamfunika.

Nilikuwa nimesimama vidole vya miguu yangu vikiwa karibu kabisa na majivu. Ule ulikuwa mstari mwembamba tu. Kuku alikuwa akiuvuka, anaparuaparua, anarudi. Mimi sikuuvuka. Niliogopa vyungu vya mtu vipasuke kwa ajili yangu, jumbe achapwe kwa ajili yangu, na mimba yangu nayo ipatwe na neno. Nilijiambia moto unavuma, hakusikia, na sasa hivi atamaliza. Nikarudi ndani nikamweka Mwanahawa mapajani pangu, nikampepea kwa ungo.

Sauti ya kijiti niliisikia nikiwa nimemshika. Ilikuwa safi sana. Halafu sauti ya mfinyanzi, ya mtu aliyefurahi kidogo: "Bi harusi, imetoka salama." Sikuweza kuitikia. Mtoto alikuwa amekwisha kukata roho, nami nilikuwa bado nampepea.

Haukupasuka hata mtungi mmoja. Jumbe aliipeleka stesheni kabla ya adhuhuri, mgongo wake ukasalimika, na mkubwa alikuja akaondoka. Upepo uligeuka wakati wake kama kawaida. Tulipotoka kumzika Mwanahawa anga lilikuwa jeupe, mlima unaonekana mpaka miti yake. Kwa miaka mingi nilipompelekea mume wangu chakula niliwakuta watu wakinywa maji kwenye mitungi ile, na sikuwahi kuyanywa.

Hakuna aliyemlaumu. Wanawake wa ukoo wake walikuja wakamsifu, wakasema ameushika mwiko kama mama zake. Aliwasikiliza wote. Mimi hakuniuliza kitu. Hakuuliza mtoto alisema nini, hakuuliza kama nilitoka, kama niliita. Nami sikumwambia. Nilijua kwamba nikimwambia niliita, nitakuwa nimemweleza kwamba angeweza kuja, na sikuwa na moyo wa kumfanyia hivyo. Ndivyo nilivyojieleza. Ukweli ni kwamba nilijiogopea pia mwenyewe.

Baada ya hapo akaanza kuitikia. Mtu akiita mtu yeyote njiani, yeye alisema "Abee." Mama mmoja akimwita mwanawe sokoni, mfinyanzi aligeuka: "Abee." Nyapara akiita watu wake ng'ambo ya mto, "Abee." Aliitikia hata majina ya kiume. Watoto wakagundua, wakafanya mchezo, wakijificha nyuma ya nyumba na kuita, naye anatoka kila mara, anasimama mlangoni anatazama huku na huku. Niliwafukuza kwa fimbo. Nikamwambia, "Bibi, hawakuiti wewe." Akasema, "Huenda." Nilijiambia ni msiba umemgusa kichwa, na kwamba kuitikia huko hakuhusiani na asubuhi ile.

Kufinyanga hakuacha. Aliacha kuchoma. Alitengeneza mitungi mizuri kuliko ya zamani, akaing'arisha kwa ile kokoto ya mama yake, akaipanga ukutani mibichi hivyohivyo. Masika ilipokuja aliitoa yote nje. Mvua iliilainisha, midomo ikainama, matumbo yakafunguka, na siku ya tatu ilikuwa tope tena. Akaukusanya udongo ule, akaanza upya. Watu walisema amerukwa na akili. Kiko aliendelea nacho, ila hakukiwasha. Alikuwa anakiweka tu mdomoni. Halafu mwaka mmoja, mwanzoni mwa kipupwe, akafunga mzigo mdogo na kuhamia juu, upande wa Kinole, kwa mtoto wa dada yake. Aliniaga wima mlangoni, akanipa gunzi lake, wala hakuniambia kwa nini.

Sikumwona kwa miaka. Ulifika ule mwaka ambao minong'ono ya vita ilianza na magari ya moshi yakawa yanapita usiku na mchana, na kuni zilichomwa kuliko siku zote. Mtoto wangu wa mwisho, wa kiume, akaanza kubanwa kifua. Nilipoisikia sauti ile ya pumzi mara ya kwanza nilikaa chini kwenye sakafu. Kulipokucha nilimfunga mgongoni nikapanda mlima, nikipishana na wanaume wote na vijinga vyao, na sikusimama pale kwenye kibanda cha shamba. Niliendelea siku nzima, nikalala kwa watu, kesho yake nikaendelea tena.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, amekuwa mdogo, kiko mdomoni bila moto. Huko juu palikuwa na harufu ya migomba na ya majani yaliyolowa. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Abee."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, bi harusi." Akamtegea sikio mtoto mgongoni pangu, akahesabu pumzi zake kimya. "Mlaze pale upenuni. Hapa hakuna kitu cha kumbana. Mwache mpaka masika, mimi nipo."

Nikamlaza, akashikwa na usingizi palepale, kifua kimelegea. Nilikaa karibu na mfinyanzi. Pengine ni kwa kuona mtoto wangu analala vile, nikashindwa kuendelea kuibeba siri yangu.

"Bibi, siku ile nilikuja kukuita."

"Mara tatu," alisema. "Ya kwanza niliisikia."

Alikitoa kiko mdomoni, akakifuta kwa kidole gumba.

"Nilihama upande wa pili wa moto ili nikuone. Niliiona miguu yako kwenye majivu. Nikasema, sasa hivi anavuka. Akivuka yeye mwiko umevunjwa na yeye, mimi nitakwenda." Alimtazama mtoto upenuni. "Nilikuwa nakungoja uvuke, bi harusi."

"Na mimi nilikuwa nakungoja uitikie."

"Najua," alisema. "Nimekuwa nikiitikia."

Nililia, na yeye hakunizuia wala hakulia. Tulikaa hivyo. Chini kabisa, kati ya vilima viwili, kilionekana kipande kidogo cha uwanda, cheupe. Mtoto akakohoa upenuni, kikohozi kidogo tu cha usingizini, na sisi wote wawili tukasimama kwa pamoja, tukafika kwake kwa wakati mmoja.